Likizo ya Kumshinda Dada

Dada alishalipia hoteli yake ya likizo, akanitumia picha za bwawa la kuogelea. Roho iliniuma. Tangu hapo, kila hoteli niliyoiona kwenye simu niliilinganisha na yake, nikaiacha.

"Mke wangu, vyumba vinakwisha," mume wangu akasema. "Unatafuta pa kupumzika au pa kumringishia dada yako?"

Nikanuna, nikamgeukia binti yetu. "Mwanangu, wewe likizo unataka nini?"

"Kulala katikati yenu."

Nikaipigia simu ile hoteli ndogo niliyoiona kwanza, isiyo na bwawa. Nikauliza jambo moja tu: kitanda ni kipana? Kipana sana, wakajibu. Nikalipia hapo hapo.

Ila picha ya kitanda hicho, dada lazima aione.