Uvimbe wa Mama Mviringo

Chumba cha kurekodia kilikuwa na upana wa kabati la nguo, na kuta zake zilibandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Ndani mlikuwa na kiti kimoja, maikrofoni moja, glasi ya maji ya vuguvugu na mwanamke ambaye kila mtu pale kazini, kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, alimwita Mama Sauti. Kwa miaka sita alikuwa akimsemea Mama Mviringo, mama wa familia ya katuni iliyooneshwa kila Jumanne saa moja jioni. Mchoraji alimchora huyo mama kwa duara tatu na aproni ya kijani, basi. Utu wake uliobaki ulitoka kooni kwa Mama Sauti.

Katika kazi ile kila mwigizaji hurekodi peke yake, siku yake. Mama Sauti hakuwahi hata kumwona mwanamume aliyemsemea mumewe wa katuni. Alisema maneno yake, kisha akaacha nafasi ya jibu: anakunja kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu anaendelea. "Mwanangu, umekula?" Moja, mbili, tatu. "Haya, osha sahani." Mwongozaji alimsifu kwamba hakuna aliyejua kungoja jibu kama yeye. Mazoezi aliyapata nyumbani.

Nyumbani alikuwa na mume, karani wa posta, na mabinti wawili: mkubwa alikuwa anamaliza sekondari, na kitindamimba alikuwa na miaka tisa. Walikuwa watu wema, hawana makuu, ila televisheni ikishawashwa hawasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Na ilikuwa inawashwa asubuhi.

Mwezi wa tatu wa mwaka huo sauti ya Mama Sauti iliacha kutoka mdomoni mwake akiwa nyumbani. Sokoni ilitoka, kazini ilitoka, kwa jirani ilitoka. Akivuka kizingiti chake tu, midomo inacheza, maneno yanatokea kwenye televisheni. Hata kama ni mpira au taarifa ya habari, Mama Mviringo alijitokeza pembeni ya kioo na aproni yake, akasema, "Nani ameacha bomba linatiririka?" kisha akaondoka zake. Kitindamimba aliinuka mara moja akalifunga. Maneno hayo hayo mama yake alikuwa ameyasema tangu mtoto ana miaka minne, na mama ndiye aliyekuwa akilifunga mwenyewe.

Mama Sauti alimwita fundi wa televisheni. Fundi akafungua kifuniko cha nyuma, akapuliza vumbi, akamwomba aseme kitu.

"Niseme nini sasa?" akauliza Mama Mviringo kutoka kwenye kioo.

Fundi akarudisha skrubu zake moja moja. "Chombo hakina ubaya wowote, mama," akasema. "Mke wangu mimi hunitokea kwenye redio. Tena masafa ya mbali. Siku za mvua simpati kabisa."

Basi akazoea. Wako wake wangapi wasiosikika popote? Yeye angalau alikuwa na kioo.

Koo lilianza kumsumbua katikati ya mwaka. Daktari akampapasa shingo, akammulika kwa kijitaa, akamwambia kuna uvimbe, utakatwa Alhamisi ijayo, na sauti huenda ikarudi, huenda isirudi. "Usije peke yako," akaongeza. "Mtu akizinduka kwenye usingizi wa dawa anataka kuona sura anayoijua." Mama Sauti akaitikia. Njiani kurudi hakuwaza kuhusu kisu wala sauti. Aliwaza ni sura ya nani itakuwa pale. Mumewe, pengine. Au binti mkubwa, ambaye akiwa mdogo alikuwa habanduki kwenye upindo wa gauni lake.

Wiki hiyo hiyo studio ilikuwa inamalizia kipindi ambacho mwandishi alikuwa anajivunia kuliko vyote. Ndani yake familia ya Mviringo inanunua televisheni kubwa kama ukuta, na wote wanaacha kutazamana. Mama Mviringo anaanza kufutika rangi, kuanzia miguuni kwenda juu, na hakuna anayegundua mpaka umeme unapokatika na wao wanakuta aproni tupu imesimama mbele ya jiko. Wanalia, wanaizima televisheni, wanakumbatiana, na rangi inarudi. "Hiki kitaponya nyumba za watu," mwandishi alisema. Simu yake ikaita, akaona ni mkewe, akaikata.

Jumanne kikarushwa. Nyumbani kwa Mama Sauti walicheka mpaka machozi. Nyani haoni kundule. Mumewe alijipiga mapaja akasema, "Kuna watu wako hivyo, jamani! Hao wa nyumba ya pili, hao!" Binti mkubwa akasema watu kama hao wanatia huruma. Mama Sauti alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akingoja familia ya kwenye kioo ifike kwenye kukumbatiana. Hapo akaona pana nafasi.

"Alhamisi nakwenda kukatwa uvimbe wa koo," akasema. "Naombeni mmoja wenu aje nami."

Katikati ya kumbatio, Mama Mviringo aliyasema yote, neno kwa neno. Mama Sauti akakunja kidole. Moja. Mbili. Tatu.

"Hawana utu hawa!" binti mkubwa akaangua kilio. "Ndiyo kwanza amepata raha, wameshamwandikia ugonjwa!"

Kitindamimba akasogea mpaka kwenye kioo, akaweka kiganja pale penye shingo ya katuni. "Pole, mama."

"Ni mimi," akasema Mama Sauti, na Mama Mviringo akasema, "Ni mimi."

"Tunajua ni wewe, mama," mumewe akaijibu televisheni, kwa upole ambao mkewe hakuwa ameusikia tangu wakiwa wachumba. Iliuma, lakini ilikuwa sauti nzuri, na aliisikiliza mpaka ikaisha.

Akatafuta karatasi, akaandika: *Anayekatwa ni mimi, mama yenu niliyekaa hapa.* Binti mkubwa akaisoma huku anafuta pua. "Baba, mama kazi imemwingia mpaka kwenye damu," akasema. Akaigeuza karatasi, na nyuma yake akaandika barua kwa kituo akiomba Mama Mviringo asiuawe.

Hakuwa peke yake. Kufikia Jumatano mchana barua zilikuwa zimejaa mapokezi hadi mlinzi akakosa pa kuweka kiti. Mkurugenzi alifurahi sana. Akaagiza upasuaji uoneshwe Alhamisi asubuhi, kipindi maalumu, na wachoraji watatu wakapelekewa chupa ya chai na kufungiwa mlango. "Mama Sauti, wewe kesho pumzika," akasema. "Mama Mviringo atakuwa amelala, hana la kusema." Ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya mapumziko aliyopewa bila kuomba.

Alhamisi alipotoka chumbani na mkoba wake wa kanga mbili na mswaki, alimkuta mumewe sebuleni amevaa shati lililopigwa pasi. Kule posta ilikuwa siku ya kazi. "Nimeomba ruhusa," mume akawa anawaambia mabinti, ambao nao hawakuwa wamekwenda shule. "Nimemwambia mkuu wangu mama anafanyiwa upasuaji, siwezi kuwa mbali naye." Mama Sauti akashika mkoba vizuri, akasimama tayari karibu na mlango.

Mumewe akachukua kiti, akakivuta mbele ya televisheni, akaketi.

Mama Sauti alikwenda peke yake. Nesi wa mapokezi alikuwa na fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. "Umekuja na nani, mama?"

"Wako nyumbani," akasema Mama Sauti kwa sauti yake mwenyewe, ambayo hospitalini ilitoka bila tabu. "Wananitazama."

Nesi akaandika hivyo hivyo.

Daktari alikuwa amesema kweli: alipozinduka alitaka kuona sura anayoijua. Aliiona. Juu ya ukuta wa wodi ilitundikwa televisheni ndogo, na humo Mama Mviringo alikuwa amelala na bendeji shingoni, amegeuza uso kumwelekea. Walitazamana kwa muda mrefu. Wagonjwa wengine walikuwa wakimwombea dua yule wa ukutani.

Jumanne iliyofuata akaruhusiwa, na onyo la kutosema neno kwa siku arobaini. Alifika nyumbani saa moja na dakika chache. Mlango haukufungwa. Mume na mabinti walikuwa bega kwa bega mbele ya televisheni, na kwenye kioo Mama Mviringo naye alikuwa ndiyo kwanza karudi kwake, kimya, na bendeji yake. Akainua macho, akapitisha mtazamo juu ya vichwa vyao vitatu mpaka mlangoni, akakusanya vidole na kuvipeleka mdomoni. Umekula?

Mama Sauti akatikisa kichwa. Hakuwa amekula tangu asubuhi.

"Anamuuliza nani?" kitindamimba akataka kujua.

"Anatuuliza sisi. Nani mwingine?" dada yake akamjibu.

"Tumekula, mama!" wakaitikia wote watatu, kwa furaha ya kweli.

Mama Sauti akaingia, akainama kuweka mkoba chini.

"Mama watoto, sogea kidogo," mumewe akasema bila kugeuza shingo. "Unatuziba."

Akasogea. Jikoni bomba lilikuwa linatiririka, inavyoelekea tangu Alhamisi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwaambia. Akalifunga.