Besi Iliyoegemea Kabati

Ng'uuu. Sauti ndogo, kama friji inapoanza kuunguruma, ila umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Nilisimama jikoni gizani, kibiriti mkononi, nikatega sikio. Ilitoka chumbani.

Nikawasha mshumaa nikaenda. Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo wake kwenye kabati la baba yake. Gitaa la besi lilikuwa kitandani nilipoliacha, mbali na mkono wake. Uzi wa sauti ya chini, ule mnene kuliko zote, ulikuwa bado unatetemeka.

"Umeligusa, mama?"

Akatikisa kichwa kukataa. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yake tangu tulipomzika baba yake. Zamani tulimwita Chiriku, maana alikuwa anaamka anaongea, analala anaongea. Siku ya mazishi akanyamaza. Daktari alisema koo ni zima, tumpe muda. Nikampa muda, na muda haukunirudishia kitu.

Ndipo nikaamua kujifunza besi. Marehemu alikuwa akiipiga kwenye bendi ya harusi, na mtoto alizoea kusinzia ameegemea spika yake. Nikajiambia, labda mtetemo ule utamfungua kinywa.

Wifi yangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe ukibeba ndoo tu vidole vinanung'unika, utaiweza besi?"

"Nitajifunza, wifi."

"Haya, Mungu akutie nguvu. Na majirani awatie masikio ya chuma!"

Mpiga ngoma wa bendi ile ile ndiye aliyenianzisha, jioni nikitoka kufundisha shuleni. Spika haikuwepo tena. "Usijali, shemeji," alisema. "Egemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati. Mbao itakusemea." Akanipa sauti nne tu za kurudiarudia. Kila jioni nilizipiga, ncha za vidole zikivimba, sauti ya tatu ikikwaruza kama bati, na Chiriku ameweka mgongo wake pale pale. Kabati lilivuma kama lina kifua.

Halafu kabati likaanza kuongeza sauti ya tano. Mimi nimeshainua mkono, yenyewe inakuja, taratibu.

Nikampigia simu mpiga ngoma. Akacheka. "Mbao hiyo, shemeji. Mbao hubaki na mtetemo." Kisha akauliza, "Hiyo ya tano, inapanda au inashuka?"

"Inashuka."

"Basi marehemu alikuwa anamalizia hivyo," akasema, na sauti yake haikuwa na kicheko tena.

Sasa, kwenye mwanga wa mshumaa, nilitazama uzi ule mpaka ukatulia. Nilitaka kumbeba mwanangu tukalale kwa wifi. Badala yake nikakaa kitandani, nikaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati, nikapiga. Moja. Mbili. Ya tatu ikakwaruza. Nne.

Ya tano haikuja.

Ndani ya kabati hanga moja ikasogea kwenye bomba lake, polepole, kama mtu anayechagua shati. Mashati yote nilikuwa nimeshayagawa.

Chiriku akageuka, akabandika sikio kwenye mlango. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtoto anayetumwa dukani, akitikisa kichwa kukubali. Halafu midomo yake ikacheza. Sikuwa nimeiona ikicheza tangu msiba.

Nikiinuka kumnyakua, midomo ile ingefungika tena, hilo nililijua kama ninavyomjua yeye. Nikabaki. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeibana shingo ya gitaa hadi mifupa inauma, lakini nikapiga tena, kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyekuwa upande wa pili wa ule mlango. Moja. Mbili. Ya tatu ikakwaruza.

Chiriku akanitazama, akasema kwa sauti: "Baba anasema usikaze kidole gumba."