Mgeni wa Ukuta wa Kiyo

"Usisogee, Bibi. Baki hapo hapo," Sumio alisema kutoka mlangoni.

Tomie hakuwa na nia ya kusogea. Tangu ampigie simu mkamata nyoka huyu, alikuwa amesimama jikoni, upawa mkononi. Chini ya sinki alijikunja habu, nyoka wa sumu kali, mnene kama mkono wa mkulima, kichwa amekielekeza kwenye miguu yake mitupu. Habu hana haja ya mwanga. Joto la mwili wako linamtosha kujua ulipo.

Sumio akamnasa kwa fimbo yenye kitanzi, akamtia sandukuni, akakomea.

"Juzi juzi nilikuuliza, ukasema hujaona kitu."

"Alikuwa kwa Kiyo, ndani ya ukuta wa mawe. Hakunisumbua."

"Kiyo kahamia Osaka kwa mwanawe, wewe huku unamfichia mpangaji!"

Tomie akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Tangu Kiyo, shoga na jirani yake, aondoke, upande ule hakuna aliyekohoa wala kufungua dirisha. Habu alipohamia, panya waliacha kufukua viazi vyake vitamu. Basi kila alipokwenda shambani aliusalimu ule ukuta. Hakumwambia mtu. Mwanawe Tomie naye angesikia neno nyoka, angekuja kumchukua kama Kiyo alivyochukuliwa.

Alimmiminia Sumio chai, akamwekea kipande cha sukari guru.

"Utampeleka wapi?"

"Wanakopelekwa wenzake. Hawarudi."

"Mrudishe msituni."

"Kijiji kikijua kitanila mbichi, Bibi."

"Kwani nani atakiambia? Tumebaki wangapi?"

Sumio alitafuna sukari yake. Alipoimaliza akainuka.

"Haya, vaa viatu. Viatu virefu."

Gari lilipanda mlima mpaka barabara ilipokwisha. Sumio akaweka sanduku chini ya miti mikubwa.

"Baba alikuwa akisema, bila hawa, hapa pangekuwa miwa mitupu. Mwenye shoka alikuwa akifika hapa anafikiria mara mbili."

Akasukuma kifuniko kwa fimbo ndefu. Habu alitoka taratibu, akatulia juu ya majani makavu. Tomie alitaka kusema neno la kuagana, akaona haya mbele ya Sumio.

Nyoka akapenya kwenye vichaka.

"Twende, Bibi. Mvua hiyo."

"Tangulia, nakuja."

Majani mapana yalitikisika, moja baada ya jingine, kuelekea juu mlimani, mpaka akashindwa kujua kama bado ni yule nyoka au ni matone ya kwanza.