Mawe Yanayong'aa

…na harufu hii si ya jana, ya jana ilikuwa ya matope tu, hii inakwaruza pua, amonia kabisa, na dada anasema funga dirisha wewe Injinia, utatuulia watoto, mimi mikono imo karaini nasugua sufuria lililoungua, naye anaendelea, shemeji yako anangoja jibu, ni duka la magodoro tu, unakaa kaunta, hata huchafuki, utadhani kuchafuka ndiyo shida yangu, mimi mwenye digrii ya mazingira, first class, imelala kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, basi imeshanitangulia kazini… halafu anacheka, umesikia lakini, kule kwenye mtambo wenu wa majitaka meneja kaamuru mawe yote yapigwe klorini, wageni wanakuja, sasa yanang'aa kama meno ya bwana harusi… kaosha nini? ule utando wa utelezi juu ya mawe? yule mtu ana kichwa au ana pa kuwekea kofia, ule utelezi ndio mtambo wenyewe, ndimo walimoishi bakteria wanaoila amonia, viumbe wasio na haraka, nilipokuwa pale kwa mafunzo nilipanda kila asubuhi ukingoni mwa lile duara la mawe, mkono wa chuma unazunguka polepole, unanyunyiza majitaka, natia kidole jiweni, linateleza, linanukia udongo ulionyeshewa, na maji yanayotoka chini hayamkwaruzi mtu pua, na nilijua kwa nini, Mungu wangu, palikuwa na kitu duniani nilichokijua… mafunzo yakaisha, meneja akanipa mkono, we will get back to you, nikawa nalala na simu kifuani kama mgonjwa… unanisikia wewe? nimjibu nini mume wangu? subiri, dada… nilidhani nawachukia watu wa mtambo ule, nikipita pale natazama upande wa pili kama mtu aliyeachwa, kumbe nalilia, mtu mzima nalilia mawe, na sasa yako uchi, wiki na wiki kabla utando haujarudi, na ukianza tu kurudi yule atauita uchafu, ataumwagia klorini tena, nani wa kumwambia… nitakwenda mwenyewe, getini, bila kuitwa, wala CV sichukui, aniite kichaa, shemeji naye atasema nimeringa, na aseme… mdogo wangu, nimwambie nini? na povu limekufa karaini, sitaki kaunta, dada, nataka mawe yale yateleze tena.