Kabila la Jiwe

"Wote wanaohusika wanaarifiwa kwamba vitambaa vya meza katika maonyesho ya sayansi vitakuwa vya kijani, wala si vya samawati, na kwamba kila kielelezo kitabandikwa karatasi inayoonyesha kabila lake."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni mwa ukumbi wa shule moja ya Kimumu, mtaa wa Eldoret, mwaka wa 2018. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Kipyego, alikusudia zile falme tano za viumbe. Kiswahili chake cha biolojia kilimwishia njiani, akachukua neno lililokuwa karibu. Eldoret, neno hilo halikosi kuwa karibu.

Nyakio alilisoma mara mbili. Alikuwa amerejea kufundisha biolojia muhula huo, na mikononi alibeba jiwe la msingi wa nyumba yake iliyochomwa baada ya uchaguzi, miaka kumi iliyopita. Juu ya weusi wa moshi palikuwa pameota vigaga vya kijivu: kuvumwani. Alitaka jambo moja tu, jiwe lionekane ukumbini, mbele ya watu waliojua lilikotoka.

Kipyego, jirani yake wa zamani, alimweleza kwamba bila karatasi halitaingia. Ama liende meza ya kuvu, ama ya mwani. Nyakio aliweka ukoko mwembamba chini ya hadubini, akampisha.

Kipyego aliinama, na hakuinuka upesi. Nyuzi za kuvu zilikuwa zimefumana kama kiota, na ndani yake chembe za mwani ziling'aa kijani. Kuvu ilishika jiwe na kutunza maji; mwani ulipika chakula kwa jua. Falme mbili, mwili mmoja, mahali ambapo moto haukuacha kitu. Alisahau kwamba alikuwa akisubiriwa mkutanoni.

"Sasa hapa mwenyeji ni nani?" aliuliza, jicho likiwa bado kwenye lenzi.

"Watenganishe, Mwalimu, ubaki na jiwe."

Kipyego aliinua kichwa. "Chagua moja basi, Madam. Kamati itaniuliza."

"Swali hilo niliulizwa getini kwangu, siku ile ya moto," alisema Nyakio. "Sikuwa na jibu fupi."

Kamati ilikutana adhuhuri, ikajadili kwa kirefu, ikabandika uamuzi wake juu ya tangazo la kwanza: neno "kabila" lisomeke "jamii", vitambaa vibaki vya kijani, na jiwe la Madam Nyakio liwekwe nje, kwenye veranda, hadi jamii yake itakapobainishwa.