Siku Ng'washi Alipostaafu

Maige hakuwa mtu wa michezo. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma, na kama kile kiwanda cha nguo kisingepunguza watu, hadi leo angekuwa ndani ya kelele zake, masikio kayaziba kwa pamba, anagombana na mashine kwa lugha wanayoelewana wawili tu. Lakini kiwanda kilipunguza watu, baadaye kikafunga geti, kisha mjini likaingia neno mwekezaji. Mwekezaji anakuja. Mwaka wa tatu sasa anakuja. Hata kobe angetoka Musoma angekuwa ameshafika.

Wakati anamsubiri, Maige alishinda dukani kwa Chenge, pale Mirongo. Chenge alikuwa na mashine za kupigia chapa, mashine ya fotokopi iliyozeeka, na kompyuta moja ambayo watu walikuja kuitazama tu, kama watu wanaotazama ndama mwenye vichwa viwili. Fotokopi ilikuwa haimalizi wiki bila kukwama. Maige aliifungua, akaisafisha, akaifunga, na malipo yake yalikuwa kukaa mbele ya kompyuta wateja wakipungua, acheze mieleka.

Haikuwa mieleka ya kubonyeza watu wakapigana. Hiyo asingeiweza. Ulikuwa mchezo wa maandishi matupu, uliokuja kwa diski kutoka Nairobi, na ndani yake wewe ni meneja wa kampuni ya wanamieleka. Unawaajiri, unapanga nani apigane na nani, unawapumzisha wakiumia, unawaongezea mshahara wakinuna. Maige aliishia darasa la sita na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kiwandani, lakini kupangia watu zamu alikujua. Chenge alimfasiria maneno, naye akayakariri kwa sura zake, kama unavyokariri sura za wapangaji wenzako. Mchezo ulimruhusu pia kubadili majina. Bingwa wa wanawake akampa jina la mkewe, Ng'washi.

Ng'washi mwenyewe alikuwa mama ntilie. Tangu kiwanda kifungwe, nyumba yao kule juu kwenye mawe ya Mabatini ilisimama kwenye sufuria zake. Aliondoka kabla ya jogoo, akashuka na kuni kichwani, akapika ugali, maharage na sato kando ya soko, na mchana akazungusha sahani kwenye maduka. Maige aliliona hilo kama jambo la kupita. Mwekezaji akija, wataitwa mafundi kwanza.

Jumanne moja, maandishi mekundu yakatokea kwenye kioo. Maige alilijua lile neno. Lilikuwa limeshamchukulia wanawake wawili.

"Chenge! Amestaafu na huyu!"

"Nani?"

"Ng'washi! Ana miaka thelathini na mbili, hajavunjika hata ukucha, na mkanda bado uko kiunoni!"

Chenge hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Ndivyo mchezo ulivyo, mzee Maige. Walioutengeneza wameweka hivyo. Mwanamke akishapita thelathini, siku yoyote anaaga."

"Na wanaume?"

"Wanaume mpaka hamsini na ushee."

Ogada alikuwepo, amekuja kutoa kopi. Alikuwa Mjaluo wa Shirati, mwenye kikosi cha wabeba barafu kule mwaloni Kirumba, samaki wanakoshushwa, na mdomo wake haukuwahi kupumzika. "Itazame timu yako, mzee. Wanaume wote vibogoyo, bado wanarukaruka. Wanawake wanaondoka na meno yao yote."

"Nyamaza, Ogada. Chenge, turudishe nyuma."

Chenge alikuwa na nakala ya nyuma kwenye diski. Akairudisha. Ng'washi akawa bingwa tena. Maige akamwongezea mshahara. Baada ya mapambano mawili, maandishi mekundu yakarudi. Wakarudisha tena. Safari hii Maige akampa mapumziko marefu na wapinzani wepesi, wasichana wa juzi tu. Maandishi mekundu.

"Shukrani ya punda ni mateke," Maige akasema. "Nimemtoa sifuri mimi."

"Nani huyo asiye na shukrani?"

Ilikuwa sauti ya mkewe. Ng'washi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la sahani kichwani, jasho linamtiririka mpaka shingoni.

"Wewe, shemeji," Ogada akasema, akicheka. "Umestaafu. Mumeo anakukatalia."

Maige akamweleza juu juu, kama unavyomweleza mtu jambo usilotaka akae nalo. Ng'washi akashusha beseni, akawagawia sahani zao, kisha akasogea mpaka kwenye kompyuta. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Amepigana muda gani huyu?"

"Miaka sita," Chenge akasema. "Ya humo ndani."

"Na nani kamruhusu kuacha?"

"Hakuna. Anaamua mwenyewe. Meneja anapewa habari tu."

"Meneja ndiye huyu?" Akamwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Ndiye huyu."

Ng'washi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ikawa chini kuliko alivyodhani. Akajitwisha beseni, akatoka.

Jioni, nyumbani, alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Alizisugua mpaka nje, mahali ambapo masizi yalikuwa yameshakuwa ngozi.

"Baba Winnie, Ijumaa ndiyo mwisho. Jumamosi sipiki."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umegombana na watu wa soko?"

"Sijagombana na mtu. Nastaafu."

Maige akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. "Ule ni mchezo, Mama Winnie. Yule si mtu."

"Najua si mtu. Ndiyo maana amehurumiwa mapema."

"Basi pika siku tano. Jumatano na Jumapili upumzike. Maji nitamwambia Odeta, msichana wako wa vyombo, ateke yeye. Na mwisho wa mwezi nakutafutia kitenge..." Akakatisha. Alisikia mdomo wake unasema mambo yaleyale aliyokuwa ameyabonyeza mchana.

Ng'washi hakukasirika. Laiti angekasirika. Alikuwa anaongea kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. "Ulipopunguzwa ulilala wiki mbili umegeukia ukuta. Nilikuletea uji. Nilisema usilie? Nilisema uamke?"

"Mimi nilipunguzwa. Wewe nani amekupunguza?"

"Najipunguza. Sufuria, benchi na wateja nimempa Odeta. Amenioshea vyombo muda mrefu, anajua kazi, na mgongo wake bado unanyooka. Mimi nikiinama kwenye moto, kuinuka ni mpaka nishike kitu."

"Umempa? Hukuniuliza?"

"Meneja anapewa habari tu."

Maige akatoka nje, akasimama kwenye mawe. Chini taa za mji zilikuwa zimeanza kuwaka, na ziwa limekuwa jeusi kama bati lililoungua. Akarudi ndani.

"Tutakula nini?"

"Nimelijibu hilo swali kila alfajiri tangu kiwanda kifungwe," Ng'washi akasema. "Limenichosha. Lijibu wewe."

"Mwekezaji akija..."

"Akija, msalimie."

Siku tatu zilizofuata Maige alidhani atabadilika. Hakubadilika. Alipika kama kawaida, akahudumia kama kawaida, na Ijumaa mchana alipozungusha sahani pale Mirongo, Odeta alikuwa nyuma yake anaonyeshwa nani hali maharage na nani hulipa Jumatatu. Wateja walidhani utani. Kinyozi wa jirani akamwuliza sasa yeye na mumewe wataishije. Ng'washi akamwambia aulize kompyuta.

Alipopita, Ogada akashika kichwa. "Mzee Maige, umemfundisha mkeo kustaafu! Chenge, fungia hilo balaa kabla mke wangu hajapita barabara hii."

"Nairudisha nyuma tena?" Chenge akauliza, mkono uko kwenye diski. "Tumjaribu kwa mkataba mwingine?"

Maige alitazama kioo. Jina la mkewe lilikuwa pale, jekundu. "Mwache aende."

Akageuza kiti. "Ogada. Ile kazi ya barafu ipo?"

Ogada aliwahi kumpa ile kazi mara moja, mwaka wa kwanza wa kungoja, naye Maige alimjibu kwamba fundi wa mitambo hasukumi toroli la maji yaliyoganda. Alimjibu kwa sauti, mbele ya watu, na watu walikumbuka.

"Mzee, ile ni kazi ya vijana," Ogada akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Ipo au haipo?"

"Ipo. Lakini mimi sitaki nikuzike."

"Nikifa utanizika. Nije saa ngapi?"

Jumamosi akaenda. Hakuna la kueleza kuhusu barafu. Ni nzito, inateleza, inaunguza viganja kama moto, na ukichelewa nayo inapungua, kwa hiyo husimami. Vijana walimwita babu. Mmoja akamwambia, "Babu, sukuma kwa miguu, mgongo utauacha hapa," na ulikuwa ushauri mzuri, ila alipewa mgongo ukiwa umeshaachwa. Mchana Ogada akamlipa sawa na wengine, hakumwongezea, hakumpunguzia, na kwa hilo Maige alimshukuru kimoyomoyo.

Alipanda Mabatini akishikashika mawe. Ng'washi alikuwa amekaa nje kwenye kigoda. Kukaa kulikuwa hakujamzoea: mikono aliilaza mapajani, akaikunja, akailaza tena. Jikoni hakukuwa na moshi.

"Sijapika," akasema.

"Nimeona."

Maige akakaa kidogo kwenye jiwe. Alitaka kusema mgongo unauma. Akamtazama mkewe, akaona hilo hawezi kulisema kwa mtu huyu, angalau si leo. Akaingia ndani, akachukua hotipoti, akashuka tena mpaka sokoni. Odeta alikuwa amezidiwa, moshi umemjaa machoni, wateja wanamfokea. Alimhudumia Maige wa mwisho.

"Shikamoo, baba. Samahani, nimekuchelewesha."

"Marahaba. Weka za watu wawili."

Akapanda tena. Akamnawisha mkewe mikono, akagawa ugali. Wakala. Maige akajaribu kukumbuka ni lini alimwona Ng'washi akila amekaa, sahani iko mapajani, hamkimbilii mteja wala moto. Hakukumbuka.

"Odeta amezidisha chumvi," Ng'washi akasema.

"Nikirudi nimwambie?"

Ng'washi alifikiri. Akachovya tonge.

"Si kazi yangu hiyo," akasema, akaendelea kula.