Mkanda wa Kiatu cha Kushoto

Mwalimu wa darasa letu la jioni alikuwa na nafasi moja tu ya kujifunza kazi katika maabara ya chuo. Angeipata yule atakayeeleza vizuri zaidi jinsi seli inavyoifungua jeni ili isomwe. Mimi mchana nashona mashati kiwandani. Nafasi ile niliitaka hadi nikaiota.

Nikaunda mfano. Vigurudumu vya plastiki vinavyobaki uzi wa cherehani ukiisha vikawa histoni, yaani protini ambazo DNA hujizungusha juu yake. Uzi wa sufu ukawa DNA, shanga zake zikawa jeni, nikauzungusha. Lakini histoni ina chaji chanya na DNA ina hasi, ndiyo maana zinashikana. Plastiki yangu ilikuwa haishiki kitu. Nikakumbuka viatu vya binti yangu vilivyokwisha kumbana. Nikakata mkanda wa kushoto, upande wenye vimeno vinavyonata, nikaugundisha. Sufu ikang'ang'ania. Kisha nikabandika vipande vya selotepu juu ya vimeno: hizo ndizo asetili, vikundi vya kemikali ambavyo seli hubandika kwenye histoni. Chaji ya histoni inapungua, uzi unalegea, shanga zinasomeka.

Nilimfundisha wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunakaa naye dawati moja. Aliposhindwa kuelewa nikamwambia, "Ni kama kaka yako. Msifie kwanza alegee, ndipo umwombe." Tukacheka hadi mtoto akaamka.

Jioni ya kuonyesha, boksi nililowekea mfano wangu halikuwepo juu ya kabati. Nikadhani mume wangu amelificha mtoto asimeze shanga, nikakimbilia darasani nikitumaini atalileta. Nikamkuta wifi amesimama mbele, boksi langu mezani.

Alieleza vizuri. Hata ule utani aliutoa, na mwalimu akacheka.

"Na selotepu ikibanduliwa?"

"Uzi unabana tena, mwalimu, jeni inanyamaza. Haijafutika. Kuna vimeng'enya vya kubandika na vingine vya kubandua."

Alijibu sawasawa. Nilimfundisha mwenyewe.

Zamu yangu ilipofika nilisema mfano wangu haupo. Zaidi ya hapo nilishindwa. Mambo ya nyumbani huwezi kuyaanika mbele ya watu. Mwalimu akanitazama. "Njoo kesho asubuhi, kabla sijapeleka jina."

Mlangoni wifi akanishika mkono. "Wifi, usininunie. Kaka ndiye aliyeniletea. Alisema umeghairi."

Nyumbani mume wangu alikuwa akimlisha mtoto. Hakukana.

"Yule hana mtoto, mama. Kazi ile ina zamu. Huyu atabaki na nani?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

Huyu ndiye aliyekuwa akinisindikiza hadi barabarani kila jioni, akisema, "Nenda, mke wangu, utafika." Kumbe alipenda niende; hakupenda nifike. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo nazishona kwa mikono yangu, na bado sikukiona.

"Kwa hiyo wewe ndiye wa kubandua," nikasema.

"Kubandua nini?"

Niliinama chini ya kitanda nikatoa kiatu cha kulia, kisha nikavuta mfuko wangu wa vigurudumu.

"Endelea kumshika mtoto. Asubuhi pia utakaa naye."

"Asubuhi nina kazi."

"Hata mimi."

Nikaufungua mkanda. Ulitoa ule mlio wake wa kuchanika, na binti yangu, ambaye mlio huo humchekesha siku zote, akacheka mdomo umejaa uji. Nikachukua mkasi.